Shangazi Aling'oa Bati Taarifa Ilipowekwa Mezani

Nakumbuka, mwanangu, jioni niliyosimama stesheni ya Kigoma na begi la kuazima, na vijana wa mtaa wetu wa Ujiji wamekuja kunisindikiza ili wapate kunicheka.

"Bukuru, ukifika Uvinza teremka," mmoja aliniambia. "Nunua chumvi yako, urudi na treni ya kesho."

"Muacheni," mwingine akadakia. "Huyo anakwenda kuwa waziri. Waziri wa migebuka."

Wakacheka mpaka abiria wengine wakageuka kututazama. Mama yangu alikuwa akichoma samaki hao wa migebuka sokoni na mimi nilikwenda shule nikinuka moshi wake, kwa hiyo utani ule ulifika ulikotumwa. Walisema sitafika Dodoma. Walisema nikifika sitasoma, na nikisoma sitaajiriwa, kwa sababu watu wa kwetu mwisho wa reli hawaajiriwi huko.

Basi sikushukia Uvinza, wala Tabora. Nilishuka Dodoma, nikabeba mifuko ya saruji mchana na kusoma jioni, mwaka baada ya mwaka, mpaka nikapata stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu. Nalitaja hili bila haya. Wapo watu wanaoona aibu kutaja walichokipata kwa jasho lao, nami si mmoja wao. Stashahada ile imetundikwa sebuleni kwangu hapa Ujiji, na wale waliocheka stesheni wakija kunisalimia hukaa chini yake na kunywa chai yangu.

Nikaajiriwa pale Wabunge wanapokutana. Sikuwa mtu mkubwa, lakini nilikuwa mtu wa lazima. Nyaraka zinazopelekwa mbele ya Bunge, taarifa za kamati, hotuba za wizara, hesabu za mwaka, kanuni ndogo, zilipita mikononi mwangu na mwa wenzangu. Tulizipanga, tukazihesabu nakala, tukahakikisha kila Mbunge amepata yake. Nakueleza haya ili ujue kwamba ninachokwenda kukusimulia sikukisikia kwenye kijiwe cha kahawa. Nilikuwapo.

Juzi nimewaona vijana wetu wakirushiana kwenye simu kipande cha video, Mbunge amesimama anaweka taarifa mezani, na chini yake wameandika kwamba mambo tayari, tusubiri utekelezaji. Moyo uliniuma. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Nilishaiona furaha hiyo, na niliona ilivyomfanya mtu wangu.

Mtu wangu huyo ni shangazi Mwamini, dada wa marehemu baba. Aliishi kijiji kimoja cha kando ya ziwa, kusini ya Ujiji, kabla hujafika Ilagala. Alikuwa na nyumba ya vyumba viwili karibu kabisa na maji, na mbele yake, kwenye mchanga, alikuwa na kichanja cha kuanikia dagaa. Kichanja chake kilikuwa mahali pazuri kuliko vyote pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, kwa kuwa upepo wa ziwa ulikifikia bila kuzuiwa na dagaa wake walikauka siku moja wakiwa weupe. Wanunuzi kutoka mjini walianza kwake, wakaenda kwa wengine baadaye. Kwa kichanja kile aliwalea watoto wake na akanitumia nauli mara mbili nilipokuwa nikibeba saruji.

Sasa uelewe desturi ya mwalo ule. Mahali pa kichanja hapana hati. Wavuvi wetu huhesabu kazi kwa giza: mbalamwezi ikiondoka wanaingia ziwani na taa zao, ikirudi wanapumzika. Ukianika giza zote, mahali ni pako. Ukiacha giza mbili zikapita bila kuanika, umepaacha, na atakayeanika wa kwanza baada ya hapo ndiye mwenyewe. Hakuna kesi. Shangazi mwenyewe alikuwa akiwakumbusha wageni sheria hiyo, na alikuwa mkali.

Ziwa likapanda. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka maji yalivyoingia majumbani mwambao mzima. Nyumba za chini kijijini kwa shangazi ziliamka na maji sakafuni. Kamati ya Wabunge ikaja kuangalia. Walisikiliza vizuri, siwezi kuwasingizia. Walikunja suruali wakaingia kwenye matope, na shangazi akawaonyesha ukutani alama ya maji ilipofika. Wakaandika taarifa, wakapendekeza familia zile zipimiwe viwanja juu, kando ya barabara, na zisaidiwe kujenga.

Taarifa ile niliibeba mimi. Nililisoma jina la kijiji cha shangazi yangu limeandikwa kwa herufi safi, nikajisikia kama nimeliandika mwenyewe. Siku ilipofika, Katibu akatangaza hati za kuwasilisha mezani. Waziri mmoja akainuka na yake, akaketi. Mwingine akainuka na yake, akaketi. Kisha akainuka Mbunge kwa niaba ya Mwenyekiti wa Kamati. "Mheshimiwa Spika, naomba kuweka mezani taarifa ya Kamati." Akaiweka, akainamisha kichwa, akarudi kitini. Spika akashukuru, Katibu akaita maswali, na swali la kwanza lilihusu barabara ya mkoa mwingine. Chai niliyoiacha kwenye meza yangu nilipotoka ilikuwa bado ina moto niliporudi.

Wala hapakuwa na kosa, mwanangu. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu wengi wanakosea. Kuweka taarifa mezani ni kama kumfikisha mgonjwa hospitali, akaandikwa jina mapokezi. Ni jambo kubwa, kwa kuwa asiyeandikwa hatibiwi. Tangu saa ile taarifa ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kuiuliza, hakuna wa kuificha. Lakini mgonjwa bado hajaonwa na daktari. Taarifa inabaki kupangiwa siku ya kujadiliwa, Bunge likubali mapendekezo, Serikali ijibu, na fedha zitafutwe. Bunge lile lilifanya kazi yake ya siku ile, na kazi hiyo iliishia pale.

Mchana simu yangu ikaita. Nyuma ya sauti ya shangazi nilisikia vigelegele.

"Bukuru! Tumesikia kwenye redio! Imewekwa!"

"Shikamoo shangazi. Imewekwa, lakini..."

"Marahaba. Lakini nini? Sema haraka, salio linakwisha."

"Bado hawajaijadili."

"Wataijadili wakiwa wameketi, sisi tukiwa tumehama. Kesho tunang'oa bati, mwana wanje. Mungu akuzidishie."

Ikakatika. Nilipiga tena na tena. Baadaye niliambiwa simu ilikuwa imepelekwa dukani kuchajiwa. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi.

Nilipofika kijijini nilikuta nyumba ya shangazi imebaki kuta. Bati zimefungwa kamba, zimeegemezwa ukutani, na kijana mmoja wa pikipiki anazunguka na kipaza sauti akitangaza, "Limepita! Limepita! Wananchi wa chini wote juu!" Nilimsimamisha nikamuuliza nani amemtuma. Akanijibu kwamba mtu wa kampeni za uchaguzi amemjazia mafuta, na kwamba mimi nisimcheleweshe, bado vitongoji viwili. Majirani walikuwa wakipika pilau kwenye sufuria la msiba, maana ndilo kubwa walilokuwa nalo. Shangazi alikuwa amejifunga kanga mbili kiunoni, anacheza.

Nikasema mbele ya watu wote. Sikunong'ona, mimi si mtu wa kunong'ona. Nikawaambia taarifa haijapita popote, imewasilishwa tu, viwanja havijapimwa wala hakuna fedha iliyotengwa. Nikawaambia nina stashahada ya mambo haya, na taarifa yenyewe niliibeba kwa mikono yangu.

Mzee Rajabu, aliyekuwa mkubwa wa wazee wa kijiji na msuluhishi wa ndoa zao, aliniita niketi naye kwenye mkeka.

"Bukuru, ulipooa, sisi tulikwenda kukuposea," alisema. "Tuliweka vitu mbele ya wazee wa mkeo. Je, waliinuka kabla hawajatujibu?"

"Hawakuinuka, mzee."

"Hawakuinuka. Walijibu, hata kama waliongeza mbuzi. Kitu kikishawekwa mbele ya wazee, mkutano haufungwi mpaka kijibiwe. Sasa unataka kuniambia wazee wa nchi nzima wanawekewa jambo letu mezani, halafu wanainuka kwenda kula?"

"Ndivyo kulivyo, mzee. Kule kuna ratiba."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Kijana mmoja akasema, "Huyu ameshakuwa Mgogo wa Dodoma, hataki tupate." Wakacheka zaidi. Mzee Rajabu hakucheka. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau. "Stashahada yako umeileta mbele yetu kama sinia lililofunikwa. Tangu umefika unatuonyesha sinia. Ungekuwa na chakula ndani ungefunua tule."

Niliumia, mwanangu. Maneno yale sikuyakubali siku ile, na hata leo nayakubali nusu. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha kuwaambia ukweli, na ukweli ule ndio uliokuwa chakula. Nusu nyingine ni yake: sikuwa nimewaeleza wafanye nini, niliwaeleza tu kwamba wamekosea.

Nikamfuata shangazi pembeni. Nikamwomba jambo moja. "Hamia juu kama umeamua, lakini kichanja usikiache. Mlipe mtu akuanikie, au shuka mwenyewe kila asubuhi."

"Kutoka juu mpaka huku ni mlima, na magoti yangu unayajua," alisema. "Kiwanja kimepimwa kule, kuna na mahali pa soko, wameandika. Kichanja nimeshamwachia Tatu. Binti mzuri, ana watoto wadogo."

"Hakijapimwa, shangazi."

"Bukuru, nilikutumia nauli ukasome. Umesoma. Sasa usinisomee mimi." Akanishika shavu kama mtoto, akarudi kwenye ngoma.

Wakahama. Familia za chini zilipanda mlimani na bati zao, wakajichagulia mahali kando ya barabara pale walipoambiwa viwanja vitakuwa, wakaweka vibanda vya turubai wakisubiri wapimaji. Giza ya kwanza ikapita. Giza ya pili ikapita. Mvua zikaanza, na udongo mwekundu wa kule juu ukawa uji. Shangazi alizipanga bati zake juu ya miti bila misumari, akaziwekea mawe, na upepo ukashuka nazo bondeni moja moja. Mwenye shamba lile naye akatokea, mtu wa muhogo, akauliza kwa adabu ni nani aliyewaruhusu. Walipomwambia Bunge, akasema yeye hakusikia shamba lake likitajwa. Alikuwa anasema kweli.

Mimi huko Dodoma kila kikao nilitazama orodha ya shughuli. Taarifa ile haikupangiwa siku mpaka mkutano ukaahirishwa, muda haukutosha, na taarifa zilizosubiri zilikuwa nyingi. Niliichukua likizo yangu yote nikaja nikawachukua Mzee Rajabu na wazee wengine wawili, nikawapeleka kwa Mbunge wao alipokuwa jimboni. Nikawafundisha la kusema: msimwombe atusaidie, mwombeni aulize swali, na aulize lini. Mzee Rajabu alisema vizuri kuliko nilivyomfundisha. Mbunge akaahidi, na alitimiza. Mkutano uliofuata aliuliza.

Siku ya jibu nilikuwa nimempigia shangazi mapema, wakakaa na redio kwenye turubai. Naibu Waziri alisimama akajibu kwamba Serikali imepokea mapendekezo ya Kamati na inaendelea kuyafanyia kazi kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge akauliza swali la nyongeza, akajibiwa kwa maneno karibu yaleyale. Kisha likaitwa swali jingine.

Nikatoka nje kupiga simu. Shangazi alipokea.

"Kwa hiyo wameinuka?" aliuliza.

"Wameinuka, shangazi."

"Haya."

Akakata simu.

Maji yakashuka, kama yanavyoshuka siku zote, na mchanga ukarudi mpana kuliko mwanzo. Shangazi naye akashuka. Nilikuwa naye, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumhamisha kutoka kwenye lile turubai. Kuta za nyumba yake zilikuwa zimelala. Kichanja kilikuwa kimesimama, kimeongezwa urefu, kimefungwa nyavu mpya, na dagaa wametandazwa kutoka mwanzo hadi mwisho wakimetameta. Tatu alikuwa anawageuza. Alipomwona shangazi akaja mbio kumpokea, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimerudi."

Tatu akatazama chini. "Karibu mama. Lakini giza zimepita nyingi. Wewe ndiye uliyetufundisha. Mimi sikukuomba, ulinipa, na wanangu sasa wanakula hapa."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hoja, mwanangu, nilikuwa na hoja nyingi za kisheria. Shangazi akanizuia kwa mkono bila kunitazama.

"Kweli," alimwambia Tatu. "Ni pako."

Kisha akainama pale pale na kanga yake ya safari, akaanza kuwageuza dagaa wa Tatu, kwa sababu jua lilikuwa limeshawakausha upande mmoja.

Leo nimestaafu na nimerudi nyumbani. Nimejenga Ujiji nyumba ya vigae, wasioamini waje waione. Nimemtengea shangazi chumba chenye dirisha linalotazama ziwa na kitanda kipya. Hajalala humo hata mara moja. Amepanga chumba kule mwaloni, na kila asubuhi yuko kwenye kichanja cha Tatu, anageuza, anaanua, jioni anapewa ujira wake kwenye bakuli. Namwambia, shangazi, una mtoto mwenye pensheni, ya nini taabu hii? Ananijibu, "Upepo wa hapa naujua." Wanunuzi wa mjini bado wanaanzia pale. Wale wapya hawajui kwamba kibarua yule mzee ndiye aliyepachagua mahali pale ujanani mwake. Taarifa ile sijui iko rafu gani. Najua imehifadhiwa vizuri, maana kazi ya kuhifadhi niliifanya mimi na sikuwahi kuifanya vibaya.

Sasa nisikie, mwanangu, na uwaambie wenzako wa kwenye simu. Ukisikia jambo lenu limewekwa mezani, furahi, maana wapo ambao jambo lao halijawahi kuwekwa. Lakini furahi ukiwa umekaa nyumbani kwako. Uliza taarifa itajadiliwa lini. Uliza nani atajibu, na akijibu kwamba anaendelea kuifanyia kazi, muulize mpaka lini, na kikao kijacho mtume Mbunge wenu aulize tena hilohilo hata kama anaona haya kulirudia. Wazee wa kwetu hawainuki kabla hawajajibu, lakini wale wana ratiba, na asiyewakumbusha wanampita, si kwa chuki, kwa sababu shughuli inayofuata imeshaitwa. Usimpe mtu mwenye kipaza sauti nafasi ya kukutafsiria. Usiache mahali unapopatia riziki mpaka hapo unapokwenda umepashika kwa mikono, umepakanyaga, na jirani wa kule anakubali kwamba ni pako. Na wewe uliyesoma, ukiwaendea watu wako na ukweli mchungu, nenda pia na la kufanya, uliweke mbele yao kabla hujataja cheti chako. Hilo nililipata kwa Mzee Rajabu, Mungu amrehemu, na nimechelewa kulisema.

Mungu akupe masikio ya kusikia sentensi mpaka mwisho wake. Akupe miguu ya kufuatilia na ulimi usiochoka kuuliza. Akuwekee shangazi zako wakiwa hai na mahali pao pakiwa pao, na yale mtakayoyaomba myaone kwa macho, si kwenye redio tu. Amina.